Mgonjwa Haulizwi Uji, Huulizwa Risiti

Majuma machache yaliyopita, katika semina ya Taaluma za Maendeleo, tulikuwa tukijadili sera za marekebisho ya uchumi za miaka ya themanini, mada ambayo saa nane mchana huwasinzisha hata walio na ari. Kijana mmoja wa mwaka wa pili akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "kinyozi hulipwa akishanyoa. Mama ntilie hulipwa watu wakishakula. Hata fundi nguo hupokea kianzio tu, kilichobaki humaliziwa suti ikiwa tayari. Kwa nini daktari alipwe kabla hajanitazama usoni?" Darasa likacheka na usingizi ukatoka. Nilimjibu kwa historia, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimeiandaa siku ile, lakini swali lake lilistahili zaidi ya dakika kumi zilizokuwa zimebaki.

Historia yenyewe ni hii. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilijifunga kutoa matibabu bure, ikajenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na mwaka 1977 ikapiga marufuku kwa sheria hospitali binafsi za kibiashara. Miaka ya themanini uchumi ukaanguka. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilichapisha waraka ulioshauri nchi zinazoendelea zianze kuwatoza watumiaji wa huduma za afya, na mwaka huohuo mawaziri wa afya wa Afrika, wakiwa Bamako pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, walikubaliana juu ya mpango wa jamii kuchangia dawa. Mwaka 1991 marufuku ya hospitali binafsi ikalegezwa. Julai 1993 hospitali zetu za umma zikaanza kutoza ada kwa awamu, za juu zikitangulia na za wilaya zikifuata.

Nilikuwa mtoto aliyekwisha kupata akili wakati huo, na sitaki kuwadanganya vijana kwamba kabla ya 1993 tuliishi peponi. Mama alikuwa na daftari la shule lenye jina langu, lililokuwa ndilo faili langu la hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri, daktari akaandika dawa, na dirishani tukaambiwa dawa hakuna, mkanunue. Kumwona daktari kulikuwa bure na kupona kulikuwa na bei. Wanaoutetea utaratibu wa sasa hunikumbusha jambo hili kila tunapobishana, nami nalikubali bila kinyongo. Ubishi wangu uko kwingine.

Tuanze na jina. Ada hizi zilipewa jina la "uchangiaji wa gharama", na yeyote aliyelichagua alikijua Kiswahili. Kuchangia ni tendo la heshima katika jamii yetu. Tunachangia harusi, misiba, ujenzi wa msikiti na wa kanisa. Lakini mchango una kanuni zake ambazo hazijaandikwa popote na kila mtu anazifahamu: hutolewa na walio nje ya tukio kumpa aliye ndani yake, hutolewa kwa kadiri ya uwezo, na asiye nacho huja na mikono yake akapike au akachimbe. Sijapata kuona msiba ambao mfiwa ndiye anayesimamishwa mlangoni achangie kwanza. Dirisha la hospitali humtoza mgonjwa mwenyewe, kiwango kimoja kwa wote, naye hupewa namba ya malipo na kuambiwa arudi na risiti. Hiyo ni bei. Mimi sina ugomvi na bei kama bei, ila naomba iitwe kwa jina lake ili tuijadili kama tunavyojadili bei nyingine.

Sasa nieleze kwa nini nadhani bei hii ndogo ya mlangoni ina madhara kuliko zile kubwa za ndani. Katika ukoo wetu mimi ni mweka hazina. Cheo hiki nilipewa kwa sababu nina shahada ya uzamivu, ingawa ukoo haukuuliza ni ya nini. Tuna kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya hamsini, kuanzia dereva wa lori aliyeko Tunduma hadi binamu anayefanya kazi ya usafi Muscat. Kwa miaka saba nimehifadhi orodha ya michango yote. Tumechangia upasuaji, tumechangia mitungi ya damu, tumechangia gari la kurudisha mwili. Katika orodha hiyo yote hakuna mstari hata mmoja wa mchango wa mtu kwenda kumwona daktari. Hakuna aliyewahi kuuomba.

Shangazi yangu, mjane anayelima na kulea wajukuu wawili, alipata kidonda mguuni kwa kujikwaa kwenye kisiki. Alikuwa na miaka 57, yaani alibakiwa na mitatu afikie umri ambao sera yetu inamtambua mzee na kumsamehe ada. Kidonda hakikukauka. Zahanati ya kijiji walikisafisha wakamwambia aende hospitali ya wilaya akapimwe. Akapiga hesabu yake: nauli ya kwenda na kurudi, kadi, kumwona daktari, kipimo cha damu, na dawa ambayo hakujua itakuwa ya shilingi ngapi. Mfukoni alikuwa na elfu kumi na moja. Kwa hiyo alipita duka la dawa akanunua vidonge vya rangi mbili, nusu dozi, na juma lililofuata nusu nyingine. Aliendelea hivyo kwa miezi miwili na zaidi.

Ninapata habari, mguu ulikuwa umeshaoza. Ilikuwa kisukari, ambacho hakuna aliyejua anacho. Madaktari waliukata chini ya goti, kazi waliyoifanya vizuri na kwa huruma. Kundi letu lilichanga zaidi ya laki tisa kwa siku nne. Yule dereva wa Tunduma, ambaye si mtu wa kutuma fedha, alituma elfu hamsini. Nilipomtembelea wodini nilimuuliza, "Shangazi, kwa nini hukusema mapema? Elfu ishirini tungekosa?" Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo la kitoto. "Mwanangu, ningewaambia nini? Nichangieni nauli nikaulizwe naumwa nini?"

Hapo ndipo nilipoielewa orodha yangu ya miaka saba. Ndugu huchangia ugonjwa wenye jina. Ugonjwa usio na jina, kidonda kisichopona, kikohozi cha juma la tatu, uvimbe usiouma, hubaki mzigo wa mtu mwenyewe na kibindo chake. Ada ya kumwona daktari ndiyo malipo pekee katika safari nzima ya matibabu yanayomkuta mgonjwa akiwa peke yake, kabla hajawa na neno la kuwaambia watu. Kwa sababu hiyo elfu tano ya mlangoni huzuia kuliko laki tano ya chumba cha upasuaji. Hiyo ya pili ina watu nyuma yake.

Watasema kuna misamaha. Ni kweli, ipo tangu mwanzo wa sera hii, na kwenye karatasi ni mipana: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza, wenye kifua kikuu, ukoma, UKIMWI, saratani, kisukari na maradhi mengine sugu. Someni tena orodha hiyo. Sehemu yake kubwa ni majina ya magonjwa. Shangazi yangu alikuwa na ugonjwa unaosamehewa, lakini ili aijue haki yake alipaswa kwanza kulipia kuijua. Sera inamsamehe mgonjwa wa kisukari, na haimsamehi mtu ambaye bado hajaambiwa kwamba ni mgonjwa wa kisukari. Sidhani kama aliyeiandika alikusudia hivyo. Nadhani aliiandika akiwa amekaa upande wa ndani wa dirisha.

Kwa maskini asiyeangukia kundi lolote kuna njia ya pili: barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kisha ofisa ustawi wa jamii wa hospitali amhoji na kuamua. Nimewaona maofisa hawa wakifanya kazi, na wengi wao ni watu wema walioachiwa kazi isiyofanyika. Mmoja huhudumia hospitali nzima, na akiwa mafunzoni au likizo, umaskini nao husubiri arudi. Lakini hata akiwepo, angalia tunachomtaka mgonjwa akifanye. Kabla ya kuthibitisha kwamba anaumwa, athibitishe kwamba hana kitu, mbele ya foleni, kwa sauti itakayosikika. Na tunakiita "msamaha", kana kwamba ameiba. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tumemwekea fomu ya kuuombea.

Nije kwa watetezi wa ada, maana wana hoja na baadhi yake ni nzito. Hoja iliyo nyepesi ni ile ya kwamba mtu hathamini cha bure. Imesikika bungeni, imesikika katika warsha, na kwa bahati nzuri imepimwa. Magharibi mwa Kenya watafiti waligawa vyandarua kliniki za wajawazito, wengine bure na wengine kwa bei nafuu. Bei ilipotoka sufuri ikafika takriban senti 60 za dola, waliovichukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure hawakuvitumia kwa uchache kuliko walionunua. Huko Busia, ada ndogo iliyowekwa kwenye dawa za minyoo za wanafunzi ilipunguza waliozitumia kwa asilimia 80. Nairobi nako, Kenya ilipoanza kutoza ada Desemba 1989, mahudhurio ya wanaume katika kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Ugonjwa wa zinaa usiotibiwa hausubiri nyumbani. Serikali ya Kenya iliisimamisha ada hiyo Septemba 1990, ingawa baadaye iliirudisha kwa sura nyingine.

Hoja ya pili, ya msongamano, inasikika kuwa ya busara: bila ada watu watajaa hospitalini kwa mafua na uchovu. Ugumu wake ni kwamba ada haijui tofauti ya mafua na homa ya mapafu. Wamarekani, ambao hakuna atakayewashuku kwa ujamaa, walifanya jaribio kubwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini chini ya taasisi ya RAND. Waligawa familia kwa bahati nasibu, nyingine zikitibiwa bure na nyingine zikichangia kwa viwango mbalimbali. Waliochangia walipunguza kwenda kwa daktari, lakini walipunguza safari zenye maana sawasawa na zisizo na maana. Na miongoni mwa maskini wenye shinikizo la damu, waliotibiwa bure walikuwa na hali nzuri zaidi. Mtu wa kawaida hawezi kujichunguza mwenyewe nyumbani ili aamue kama anastahili kuchunguzwa. Anakwenda kwa daktari kwa sababu hajui, na sisi tunamtoza kwa kutokujua huko.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua, na naomba wanaharakati wasiipite haraka. Ni hoja ya mganga mfawidhi. Fedha za ada ndizo zinazobaki mkononi mwake. Ruzuku ya Serikali huchelewa, mgao wa Bohari ya Dawa huja na upungufu, lakini glavu zikiisha Jumanne anaweza kununua nyingine Jumatano kwa fedha za dirishani. Mnyang'anye hizo bila kumpa mbadala, naye atabaki na hospitali ya bure isiyo na glavu.

Haya yamekwisha kutokea kwa jirani. Machi 2001, uchaguzi ukiwa umewadia, Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma, isipokuwa wodi za kulipia. Watu walifurika, na tafiti zilionyesha kwamba walioongezeka zaidi walikuwa maskini, jambo lililoumbua miaka ya kuambiwa kwamba maskini hazuiwi na ada. Lakini tafiti hizohizo zilionyesha kwamba mzigo wa gharama kubwa katika kaya maskini haukupungua, kwa kuwa dawa ziliisha na watu wakaelekezwa madukani. Burundi nayo, mwaka 2006, ilitangaza matibabu bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua. Nchi hiyo ilihitaji tangazo hilo: mwaka uleule Human Rights Watch iliandika juu ya wagonjwa waliokuwa wakizuiliwa hospitalini kama mahabusu kwa kushindwa kulipa. Ila tangazo lilitangulia maandalizi, na vituo vikaelemewa.

(Tusiwacheke Warundi. Hapa kwetu Serikali imelazimika zaidi ya mara moja kuagiza hospitali zisizuie maiti kwa sababu ya deni. Agizo likirudiwa, maana yake la kwanza halikufanya kazi.)

Kwa hiyo anayetaka ada ya mlangoni ifutwe, kama mimi, anapaswa kusema fedha za mganga mfawidhi zitatoka wapi. Kabla sijasema, niwageukie wasomaji wangu watumishi wa umma, ambao najua mpo wengi. Sisi na ninyi tunakatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri anaongeza tatu, tunapewa kadi, na tukifika hospitali hatupiti dirisha lile. Tunalalamika kuhusu foleni na kuhusu dawa zisizo kwenye orodha. Bei ya kumwona daktari hatuijui, kama tusivyojua bei ya kibaba cha mahindi kijijini. Na watu wanaopanga ada hizi, kuanzia wizarani hadi halmashauri, wote wana kadi kama zetu. Sisemi kwamba ni wabaya. Nasema hawajawahi kupiga hesabu ya elfu kumi na moja.

Hata kadi zenyewe zina mlango wake. Mwanachama, mwenzi wake, na wategemezi wanne, basi. Mimi nina watoto watatu, hivyo nafasi ya nne ilibaki kugombewa na mama yangu mzazi na mama mkwe. Mke wangu na mimi tuliimaliza kesi hiyo jioni moja, kimyakimya, kwa namna ambayo nisingependa kuisimulia. Shangazi hakuwa hata kwenye kinyang'anyiro, kwa kuwa fomu haimjui shangazi.

Alikuwa na njia ya Mfuko wa Afya ya Jamii: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Alijiunga mwaka mmoja. Mwaka huo alikwenda zahanati mara tatu, mara mbili hakukuta dawa, akaamua mwaka uliofuata fedha ile inunue mbegu. Wachumi wana istilahi ndefu ya kueleza watu wanaosubiri kuumwa ndipo wakate bima. Mimi naona mama aliyelipia kitu, hakukipata, akaacha kukilipia, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya na king'amuzi cha televisheni.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni hatua kubwa, nami naiunga mkono kwa sababu moja ya msingi: bima hukusanya fedha mtu akiwa mzima na kuzitumia akiwa mgonjwa, ilhali ada ya dirishani hufanya kinyume. Sheria hiyo pia ilitaja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo, vikiwemo ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi, na michezo ya kubahatisha. Hapo ndipo fedha za mganga mfawidhi zinapoweza kutoka, endapo vyanzo hivyo vitafika vituoni badala ya kupotelea katika mfuko mkuu.

Hofu yangu ni kwamba bima itaacha dirisha lilipo, na kubadilisha tu swali linaloulizwa hapo, kutoka "una risiti?" kuwa "una kadi?" Watakaokuwa hawana kadi watakuwa ni walewale: mjane ambaye mwenyekiti alisahau kumwandika, kijana aliyehamia mjini bila kitambulisho, mama aliyekuwa shambani siku ya uandikishaji. Kila orodha ya maskini niliyowahi kuiona imeacha maskini fulani nje na kuingiza jamaa wa fulani ndani.

Ndiyo maana ninapendekeza jambo dogo kuliko "matibabu bure kwa wote", na ambalo naamini linawezekana. Katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ya umma, mtu yeyote aonwe na daktari au tabibu (na katika vituo vingi ni tabibu, ingawa sote humwita daktari), apimwe vipimo vya mwanzo, sukari, shinikizo, malaria, wingi wa damu, mkojo, na aambiwe anaumwa nini, kabla ya mtu yeyote kumuuliza habari za fedha au kadi. Kinachofuata baada ya hapo, bima, ada, msamaha, mchango wa ukoo, kifuate. Kenya ilifuta ada katika zahanati na vituo vya afya Juni 2013 na kutenga fungu la kuvifidia vituo, ingawa fidia hiyo iliwaelemea. Tujifunze na hapo walipokwama: fidia ilipwe kituoni mwanzoni mwa robo mwaka, kwa hesabu ya wagonjwa walioonwa robo iliyotangulia, iingie akaunti ya kituo moja kwa moja, na kiasi kibandikwe ukutani mahali ambapo sasa kumebandikwa orodha ya ada.